Redio, leza, GPS au kamera: kipi kikuongoze kati ya Dunia na Mwezi?

Anayeuliza "tutumie leza au redio?" huwa ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: chombo kiko wapi sasa, na kitakuwa wapi kesho saa nne asubuhi tutakapowasha injini? La pili: kutoka hapa hadi pale ni milimita ngapi? Swali la kwanza ni la urambazaji, la pili ni la upimaji. Leza haina mshindani kwenye upimaji. Kwenye urambazaji ni fundi hodari asiyekuja kazini siku ya mawingu.

Kabla ya kulinganisha, shika namba chache. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Husogea hadi karibu kilomita 356,500 na kwenda mbali hadi kama 406,700. Mwanga huchukua takribani sekunde 2.5 kwenda na kurudi. Kosa la nanosekunde moja katika safari ya kwenda na kurudi ni kosa la sentimita 15 za umbali. Katika safari ya njia moja ni sentimita 30.

Redio

Vyombo vya Mwezini tangu enzi za Apollo vimeongozwa hasa kwa redio, na sababu si ukale. Antena ya ardhini hutuma wimbi lililofungwa kwenye saa ya atomu. Chombo hulipokea, hulibadilisha kwa uwiano maalumu (240/221 kwenye bendi ya S, yaani mawimbi ya gigahezi 2 hivi, na 880/749 kwenye bendi ya X, ya gigahezi 7 hadi 8 hivi) na kulirudisha. Saa inayopima ni ileile iliyotuma, kwa hiyo saa ya chombo ikiwa ya ovyo haiharibu kitu. Mzigo wote wa usahihi unabaki ardhini, kwenye jengo lenye kiyoyozi na umeme wa uhakika, ambako kifaa kikiharibika kuna fundi wa kukishika.

Ukitumia bendi ya X na vifaa vya daraja la mtandao wa NASA wa Goldstone, Madrid na Canberra, utapata umbali kwa usahihi wa mita moja hivi, na kasi kwa takribani sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde ukikusanya wastani wa sekunde 60. Kasi hiyo hupatikana kwa Dopla, yaani badiliko la masafa ya wimbi chombo kinaposogea, na Dopla huona mstari mmoja tu, wa kuja na kwenda. Chombo kikihama kulia au kushoto, haina habari. Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni subira: kusanya data ya saa nyingi au siku kadhaa, acha mzunguko wa Dunia ubadilishe pembe unayotazamia, kisha tafuta obiti moja inayokubaliana na vipimo vyote. Ya pili ni kusikiliza kwa antena mbili zilizo mabara tofauti, ukilinganisha chombo na kwasari (kiini ang'avu cha galaksi ya mbali sana, kisichoonekana kuhama) iliyo karibu nacho angani. Njia hii hutoa pembe kwa usahihi wa nanoradiani chache, na kwa umbali wa Mwezi nanoradiani moja ni sentimita 38. Tatizo ni kuwa inahitaji antena mbili kubwa kwa wakati mmoja, na foleni ya antena hizo ni ndefu.

Adui wa redio ni ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru. Hesabu ni rahisi: siku ambayo elektroni zimejaa kiasi cha 5×10¹⁷ kwa kila mita ya mraba, wimbi la gigahezi 2.2 hucheleweshwa sawa na mita 4 hivi. La gigahezi 8.4 hucheleweshwa chini ya sentimita 30. Hivyo mwenye uwezo wa bendi ya X asibaki kwenye S kwa mazoea. Kwa vituo vya tropiki jambo hili ni zito zaidi. Antena iliyo kwenye latitudo ya Malindi, ambako Italia ina kituo chake cha anga, iko chini ya ukanda wenye ionosfia iliyovimba, hasa mchana kuelekea jioni, na modeli ya wastani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya haitoshi.

Adui wa pili ni Mwezi wenyewe. Chombo kikipita upande wa mbali, redio hukatika. Na chini ya "bahari" kavu za Mwezi, yaani tambarare zake nyeusi, kuna marundo ya mawe mazito yanayovuta obiti ya chini na kuipindisha. Kabla ya vyombo viwili vya GRAIL kupima mvutano wa Mwezi wote mwaka 2012, utabiri wa obiti ya chini uliharibika upesi. Leo ramani hiyo ipo na haiuzwi. Mtu anayetumia modeli ya zamani kwa sababu programu yake ilikuja nayo anajitafutia kilomita za makosa bure.

Leza

Hapa tuchambue kidogo, kwa sababu neno moja "leza" linabeba mbinu nne zisizofanana.

Mbinu ya kwanza ni ya kituo cha ardhini hadi kwenye kiakisi-rejeshi na kurudi. Kiakisi hiki ni kipande cha kioo chenye nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba. Mwanga ukiingia hurudi ulikotoka, hata kifaa kikiwa kimeinama kidogo. Apollo 11 (1969) na Apollo 14 (1971) ziliacha vibao vya vipande 100 kila kimoja, Apollo 15 kibao cha vipande 300, na magari ya Kisovieti Lunokhod 1 na 2 yalibeba vibao vya Kifaransa vya vipande 14. Kiakisi cha Lunokhod 1 kilipotea kwa miongo mingi. Hakikuwa kimevunjika. Mahali pake palikuwa hapajulikani vizuri, hadi picha za LRO, chombo cha NASA kinachozunguka Mwezi, zilipolionyesha gari na kituo cha Apache Point, New Mexico, kikapata mwangwi wake Aprili 2010. Funzo lake kwa mrambazaji liko wazi: leza haitafuti. Lazima uambiwe pa kulenga.

Tazama bajeti ya fotoni uone kwa nini. Apache Point hutumia darubini ya mita 3.5 na leza ya kijani ya nanomita 532, mipigo 20 kwa sekunde, kila mpigo kama milijuli 115. Hizo ni fotoni zipatazo 3×10¹⁷. Angahewa hupanua mwali hadi uwe na upana wa kama kilomita 2 ukifika Mwezini, hivyo fotoni moja tu katika kila milioni 30 hivi hukigusa kiakisi. Mwanga unaorudi hutawanyika hadi upana wa kilomita 15, na hapo tena ni moja katika mamilioni inayoingia kwenye darubini. Baada ya hasara za vioo na kigunduzi, hali ikiwa nzuri sana unahesabu takriban fotoni moja kwa kila mpigo. Vituo vingine huridhika na chache kwa dakika. Kwa mbinu hii nguvu inayorudi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali: ukilinganisha na setilaiti ya LAGEOS iliyo kilomita elfu sita hivi juu, Mwezi ni mbali mara 64, na mwangwi ni dhaifu mara milioni 16 au zaidi. Ndiyo maana vituo vingi vinavyopima setilaiti kila usiku haviwezi Mwezi. Vinavyouweza, Grasse huko Ufaransa, Matera, Wettzell, Apache Point na vichache vingine, vinahesabika kwa vidole.

Zamu yenyewe huenda hivi. Unapakia utabiri wa mahali pa kiakisi. Unapima ucheleweshaji wa mfumo wako kwa kupiga kilengwa cha karibu ambacho umbali wake unajulikana. Unaelekeza darubini mbele kidogo ya pale unapoona shabaha, kama sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), kwa sababu katika sekunde 2.5 Mwezi umeshasogea kilomita mbili na nusu na mwali wako una upana wa mbili tu. Unafungua kigunduzi kwa dirisha dogo la wakati, nanosekunde mia hivi, kuzunguka saa unayotarajia mwangwi. Nje ya hapo ni kelele za mwanga wa Mwezi. Halafu unasoma kanieneo ya hewa. Hewa ya usawa wa bahari huchelewesha mwanga unaopanda wima kwa mita 2.4 hivi, na kosa la hektopaskali moja kwenye barometa ni zaidi ya milimita 2. Barometa isiyohakikiwa huharibu kipimo hata leza ikiwa nzima.

Faida ya leza iko hapohapo: ionosfia haiigusi, na mvuke wa maji, unaoitesa redio kwa sentimita kadhaa hadi makumi, huigusa kidogo sana. Matokeo ni milimita. Ndivyo tunavyojua kwamba Mwezi hutukimbia kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Kwa chombo kinachozunguka Mwezi hesabu hubadilika. Dirisha la nanosekunde 200 kwa kwenda na kurudi ni mita 30 tu za umbali, na chombo cha obiti ya chini kinakwenda kilomita 1.6 kwa sekunde. Utabiri wa kiwango hicho hutoka kwenye redio. Yaani ili leza ifanye kazi, redio iwe imeshafanya kazi yake. Mwangwi wa kwanza kutoka kwenye kibao kidogo kilicho juu ya LRO, ukubwa wa kitabu cha jalada jepesi, ulipatikana Grasse mwaka 2018 kwa mwanga wa infraredi, baada ya chombo kukaa angani miaka tisa.

Mbinu ya pili ni njia moja: ardhi inapiga, chombo kinapokea na kuandika saa. Nguvu hupungua kwa kipeo cha pili tu cha umbali badala ya cha nne, kwa hiyo hata vituo vya kawaida vinaweza. LRO ilikuwa na darubini ya sentimita 2 hivi juu ya antena yake ya kuelekea Dunia, iliyounganishwa kwa uzi wa kioo na kipimo chake cha leza. Kati ya 2009 na 2014 vituo vya mabara kadhaa viliipiga, kikiwemo Hartebeesthoek cha Afrika Kusini. Gharama imehamia kwenye saa: kipimo kinachanganya umbali na kosa la saa ya chombo, na huwezi kuvitenganisha bila data nyingine. Halijoto ikipanda ndani ya chombo, saa huteleza, na "umbali" wako huteleza nayo. Pia LRO ilipokea mipigo ya Dunia katika dirisha la milisekunde 8 tu, mara 28 kwa sekunde. Kituo kisicholinganisha mipigo yake na mdundo huo kilipoteza mingi.

Mbinu ya tatu ni kupima kupitia mawasiliano ya leza. Chombo cha NASA cha LADEE mwaka 2013 kilituma megabiti 622 kwa sekunde kutoka Mwezini, na mfumo uleule ukapima muda wa safari kwa usahihi wa chini ya sentimita. Kama tayari una mpango wa kubeba mtambo wa mawasiliano wa leza, umbali unakuja kama nyongeza. Kuubeba kwa ajili ya umbali peke yake ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kamba.

Ya nne ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa gharama yake: kiakisi kidogo juu ya chombo kilichotua, kinachopigwa na chombo kilicho kwenye obiti ya Mwezi. Kuba yenye upana wa sentimita 5, vipande 8, uzito wa gramu 20 hivi, haina umeme, haina programu. Desemba 2023 LRO, ikiwa umbali wa kilomita kama 100, ilipata mwangwi wa kiakisi kama hicho juu ya Vikram, chombo cha kutua cha India. Usikichanganye na kile cha kupigwa kutoka Duniani. Vipande hivi ni vidogo mno kwa safari hiyo. Kwa Dunia unahitaji kipande kikubwa, kama kile cha sentimita 10 kilichotua kwenye uwanda wa Mare Crisium na chombo cha Blue Ghost tarehe 2 Machi 2025. Na ukubwa nao una mtego: kipande kipana hurudisha mwali mwembamba, na kwa sababu Dunia na Mwezi vinapishana kwa mwendo, mwali mwembamba kupita kiasi unaweza kurudi pembeni ya kituo chako.

GPS na Galileo

Chombo hichohicho cha Blue Ghost kilibeba kipokezi cha LuGRE cha NASA na shirika la anga la Italia, ambacho tarehe 3 Machi 2025 kilipata mahali pake juu ya Mwezi kwa ishara za GPS na za Galileo, mfumo kama huo wa Ulaya. Ni jambo kubwa, lakini lisikudanganye ukadhani utatembea Mwezini kama unavyotembea na simu Kariakoo.

Setilaiti za GPS zinaangalia chini, kwenye Dunia. Mwezini hufika ishara inayomwagika pembeni mwa Dunia na vijimwali vya kando vya antena, ikiwa dhaifu mara 350 hadi 400 kuliko unayoipata barabarani kwa sababu ya umbali tu. Tatizo kubwa zaidi ni jiometri. Ukiwa Mwezini, setilaiti zote zimejibana ndani ya duara la nyuzi nane hivi kuzunguka Dunia. Kosa la mita chache kwenye kila ishara huzidishwa mara mamia, na hasa hushindwa kutenganisha umbali na kosa la saa. Kwa hiyo usitegemee hesabu ya setilaiti nne za papo kwa papo. Weka kipokezi chenye uwezo wa ishara hafifu, antena ya kukusanya inayoelekea Dunia, saa tulivu, na kichujio, yaani programu inayounganisha vipimo vya saa nyingi na modeli ya obiti. Faida yake ni kubwa: chombo kinajijua bila kusubiri antena ya ardhini. Katika nusu ya kwanza ya safari, kabla jiometri haijawa mbaya, ni mshirika mzuri sana.

Kamera

Manahodha wa majahazi walishika kamali (kibao chenye kamba ya kupimia) mkononi, wakapima kimo cha nyota, wakajua latitudo. Wanaanga wa Apollo walifanya hivyohivyo kwa sekstanti yenye ukuzaji wa mara 28, wakipima pembe kati ya nyota na ukingo wa Dunia au Mwezi, japo kipimo kikuu kilibaki cha redio. Leo kamera inafanya kazi hiyo peke yake. Kosa la sekunde 10 za tao ukiwa kilomita 100,000 kutoka Mwezini ni karibu kilomita 5. Ukiwa kilomita 1,000 ni mita 50 tu. Kamera basi huwa na thamani kadiri unavyokaribia. SLIM ya Japani ilitua Januari 2024 umbali wa mita 55 hivi kutoka shabaha, kwa kulinganisha picha za makreta na ramani.

| | Redio (X) | Leza, kwenda na kurudi | GPS/Galileo | Kamera |
|---|---|---|---|---|
| Inapima nini | umbali na kasi ya mstari mmoja | umbali peke yake | umbali na saa vikiwa vimechanganyika | pembe |
| Inafaa zaidi | safari nzima | vitu vilivyotulia, uhakiki | karibu na Dunia hadi katikati ya njia | kukaribia na kutua |
| Mawingu ya Dunia | hayaizuii | yanaifunga | hayaizuii | hayahusiki |
| Upande wa mbali wa Mwezi | haifiki | haifiki | haifiki | inafanya kazi, kukiwa na jua |
| Saa bora kwenye chombo | si lazima | si lazima | lazima | si lazima |
| Mzigo kwenye chombo | redio uliyonayo tayari | kioo | kipokezi na antena | kamera na kompyuta |

Uchague nini, basi

Chombo kidogo cha kwanza cha taasisi, kinachokwenda kuzunguka Mwezi: redio ya bendi ya X yenye uwezo wa kurudisha wimbi, na fedha inayobaki iende kwenye muda wa antena. Punguza kitu kingine, si saa za antena za siku tatu za kabla na baada ya kuingia obiti. GPS iongeze kama timu ya ardhini ni ndogo na hamwezi kukesha.

Kama chombo kitakaa kwenye obiti ndefu ya mbali kama ile ya CAPSTONE, chombo kidogo cha NASA, fikiria pia kupimana na chombo kingine kwa redio. Mvutano wa Dunia na Mwezi kwa pamoja huipa obiti kama hiyo umbo lisilofanana na jingine, kiasi kwamba umbali kati ya vyombo viwili peke yake huweza kufichua mahali pa vyote viwili. CAPSTONE na LRO vilifanya jaribio hilo mwaka 2023. Kasoro ni kwamba unamtegemea mwenzako awe hai na awe na nafasi.

Chombo cha kutua kinahitaji kamera na kipimo cha kimo, na hapa hatari huwa kwenye programu kuliko kwenye kifaa. Aprili 2023 chombo cha kwanza cha ispace cha Japani kilipita juu ya ukingo wa kreta; kimo halisi kiliruka ghafla kwa kilomita kadhaa, kichujio kikadhani sensa imeharibika, kikakataa vipimo sahihi. Chombo kiliendelea kujiona kimefika chini kikiwa bado kilomita 5 juu, hadi mafuta yakaisha. Kichujio chako kipewe majaribio ya makorongo halisi ya njia yako halisi, si uwanda wa mfano.

Leza ya kutoka Duniani ichague kama kazi yako ni sayansi ya Mwezi, mvutano, au kuhakiki saa na obiti za mfumo mwingine. Lunar Pathfinder ya Ulaya imepangiwa kubeba kipokezi cha GNSS (jina la pamoja la mifumo kama GPS na Galileo) pamoja na kiakisi-rejeshi kwa sababu hiyohiyo: kimoja kihukumiwe na kingine. Ukifanya hivyo, kuwa makini na saa za rejea. Saa iliyo juu ya Mwezi hutangulia ya Duniani kwa maikrosekunde 56 hadi 59 kwa siku, kutegemea unavyohesabu, na maikrosekunde moja kwa njia moja ni mita 300. Faili mbili zenye mizani tofauti ya wakati zikikutana, obiti yako itaonekana nzuri na itakuwa imekosewa.

Kile kiakisi cha gramu 20, chukua hata kama hujui nani atakipiga. Kiweke juu ya sitaha, kisizibwe na antena wala miguu, mbali na mkondo wa vumbi la injini, kwa maana vumbi na joto lisilo sawa ndivyo vinavyoshukiwa kufifisha vibao vya Apollo hadi mara kumi Mwezi unapokuwa mpevu. Na umbali wake kutoka kwenye kitovu cha uzito cha chombo uandikwe kwa milimita, mafuta yakiwa yamejaa na yakiwa yameisha, kabla chombo hakijafungwa kwenye roketi.